Radhi Siombi

Dada yangu mpenzi,

Huku tuko salama, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Nasikia mama anataka niombe radhi ili nirudishwe kazini. Basi mweleze. Mimi huandika programu ya ndani kabisa ya simu, ile inayopunguza kasi na umeme simu ikipata moto. Bosi alitaka niizime ili simu yetu mpya ionekane ina kasi kuliko zote.

“Na betri ikilipuka?” nikamuuliza.

“Watu wananunua kasi, bibie.”

Nikakataa mbele ya wote, akanifukuza. Leo wenzangu wawili nao wamekataa kuigusa. Mwambie mama watu hulala na simu hizo chini ya mto. Radhi siombi ng'o!

Mdogo wako, mkaidi yuleyule