Chujio Kwenye Nyumba Safi

Jumatatu, 3 Machi
Chujio limeingia! Wamelibeba wanaume wanne, na wote wanne mama mkwe amewavua viatu mlangoni. Wamepita na soksi zilizotoboka, zege mabegani, yeye nyuma yao na kitambaa cha kudekia.
Fundi kalimwaga zege mwenyewe. (Fundi ni mume wangu. Hata nyumbani namwita hivyo, maana akiitwa jina lake anadhani kuna kesi.) Sanduku refu, chini kokoto, halafu changarawe, juu kabisa mchanga. Unamimina maji ya kisima, yanashuka yenyewe, yanatokea bombani. Halina injini, halina mafuta. Ile pampu ya injini tuliyoletewa zamani iliharibika kifaa kimoja tu — na huku barabara inakoishia, nani ataleta kifaa? Siku hizi kuku wanatagia humo.
Mimi sitaki makubwa. Nataka Somo amalize mvua hizi bila kuharisha. Binti yangu ana jina la bibi yake, kwa hiyo bibi anamwita Somo, na sisi wote tumefuata. Mvua zilizopita alipelekwa zahanati mgongoni kwa baba yake, macho yamezama ndani. Sitaki kuyaona tena macho yale.

Jumatano, 5 Machi
Bwana Afya amekuja kutufundisha. Kila sentensi yake inaanza na "kimsingi". Kimsingi, juu ya mchanga kutaota utando mwembamba, kama ute. Ndani yake vijidudu vyema, vinavyokula vile vibaya. Unachukua majuma kadhaa kukomaa. Usisuguliwe, usikauke. Bila huo, chujio ni sanduku la mchanga tu.
Mimi na Fundi tukatazamana. Mama hakuwepo, alikuwa kwa jirani, bila shaka anakagua masufuria ya watu. Sasa mwanamke anayefua mpaka kamba ya kuanikia nguo, nani wa kumwambia aache ute kwenye maji ya kunywa?
Fundi akasema, mama ni wangu, nitamwambia mimi. Jioni nikamsikia: "Mama, humo juu kuna dawa. Usiguse."
Dawa! Mwanamume mzima, anabeba mifuko ya saruji, anaogopa mwenye ufagio. Na mimi namwogopa.

Jumatano, 19 Machi
Nimerudi kutoka shambani. Mchanga wote uko nje, juu ya mkeka, unaota jua. Umeoshwa. Kwa sabuni.
Mama kakunja mikono ya gauni, uso umechangamka. Akaniambia, mwanangu, dawa yenu ilikuwa imeoza, imeshaota ute, nimewasaidia.
Nikasema asante.
Fundi alipofika akautazama mkeka, akamtazama mama yake, akala kona. Eti anakwenda kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi.

Alhamisi, 20 Machi
Jana jioni mama kaurudisha mchanga mwenyewe, na leo chai ina povu. Fundi kainywa yote, mbele ya mama yake. Nikamnong'oneza, jikaze kisabuni, baba. Kidogo imtoke puani.

Jumapili, 23 Machi
Tumeutoa mchanga, tumeusuuza sabuni, tumeurudisha, tumeanza upya. Safari hii Fundi ametia kufuli kwenye kifuniko. Nilimwambia anajipalia makaa. Hakusikia.
Asubuhi mama kaliona. Kachukua ndoo, kaenda kisimani, kajitekea maji yake, kayaweka kwenye mtungi wake alioung'arisha mpaka unaweza kujitazama. Anakunywa humo. Mgomo.

Jumanne, 25 Machi
Somo anaharisha. Kumbe naye alikuwa ananyweshwa maji ya mtungi wa bibi yake.
Si kama ile mara. Lakini kutwa nzima maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Mama amempakata, hataki kumwachia mtu. Mchana akalala. Nikajikaza, nikamwambia yote. Kwamba hakuna dawa. Kwamba ule ute ndio unaofanya kazi. Kwamba mwanawe alimwogopa, na mimi pia.
"Kwa hiyo mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," akasema. "Wewe na mwanangu."
Nikakubali.
Akaanza kusema, huku anamtazama Somo. Kabla ya Fundi alikuwa na binti. Binti huyo alikufa kwa kuharisha, kwenye mvua kama hizi, ndani ya juma moja. Siku ya mazishi wifi yake akasema mbele ya watu, mtoto kauawa na uchafu wa mama yake. Hakuna aliyemkanya. Tangu siku hiyo anafagia.
"Na leo unaniambia niuache uchafu kwenye maji ya mjukuu wangu."
Nimeishi naye miaka yote hii, sikulijua hilo. Nimelia mimi. Yeye hakulia, alikuwa anampepea mtoto.

Ijumaa, 28 Machi
Somo mzima, anadai biskuti. Mama kamwomba Fundi ufunguo. Fundi kautoa upesi, nusura aung'oe mfuko. Sasa mama ndiye anayefungua na kufunga. Kila asubuhi anafunua, anachungulia, anakunja uso kama mtu aliyetafuna kwinini, anafunika. Anamimina taratibu, hatikisi kitu.
Nimemuuliza, mama, mmepatana? Akasema hajapatana na ute, amepatana na Somo.

Jumamosi, 26 Aprili
Jirani amekuja kuchungulia chujio. Kavuliwa viatu, kaambiwa asipumulie. "Mfanyakazi wake," mama ananionyesha mimi kwa kidole, "amenenepa. Msimsumbue."
Yaani ule ute! Mfanyakazi wangu! Nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Mama kaufuta ukuta.

Jumatatu, 28 Aprili
Bwana Afya kachukua chupa mbili za kupima. Moja ya kisimani, moja ya bomba la chujio. Kanawishwa mikono mara mbili. Kimsingi, anasema, alishanawa nyumbani.
Nina hofu. Fundi hali vizuri, anadai zege halina ubaya, kama limekosea basi mchanga.

Alhamisi, 8 Mei
Majibu yamekuja. Tulisimama uani wote, mimi na Somo kiunoni, Fundi na mwiko wake mkononi, mama mbele yetu.
Bwana Afya akaanza na kisima. Maji yale hayafai. Vijidudu vya kinyesi tele, vinapenya ardhini kutoka vyoo vya huko juu. Yanang'aa kwa macho tu. Akashika karatasi ya pili, ya chujio. Nikakaza macho.
Mama akamwinulia mkono. Subiri kwanza.
"Hayo ya kisimani. Hata ukiyatia kwenye mtungi uliosuguliwa?"
"Hata hivyo, mama."
"Na nyumba ikiwa safi?"
"Nyumba haihusiki. Ni maji."
Akauliza, tangu lini yako hivyo? Bwana Afya hajui. Kisima ni cha zamani, akasema, pengine tangu kilipochimbwa.
Mama akakaa chini. Kwenye udongo, bila mkeka, na gauni lake jeupe. Sijawahi kumwona akikaa chini hivyo. Fundi akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye dawa yake. Hajui habari za yule dada yake. Mama hakumwambia kamwe.
Nimeingia ndani kumletea kiti. Kiti hiki hapa, sijakitoa, naandika nikiwa nimesimama. Dirisha liko wazi. Namsikia anauliza, sauti ndogo, siyo yake:
"Kwa hiyo haikuwa mimi?"
Bwana Afya hajui anaulizwa nini. Anamwambia taratibu kwamba kuna karatasi ya pili, mama, hii bado sijaisoma —