Chumvi Niliyokusingizia

Kihesa, Iringa

Mama,

Najua utacheka: mtu mzima anamwandikia marehemu barua. Cheka tu. Ni mimi Eliza, yule mwanao mwenye mdomo. Leo mdomo umenishinda, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kaka Joeli hajambo, na mpunga wa huko nyumbani Ubaruku umekubali mwaka huu. Jiko lako sasa analishika mkewe, wifi yangu Maria, na maji anachota kwenye kisima chako kilekile cha nyuma ya nyumba. Bomba ulilikataa katakata, eti linanuka dawa. Nilipojifungua huku Kihesa ulipanda basi na dumu zima la maji ya kisima, uji wangu usiharibike. Abiria walikushangaa, wewe wala. Tena uliyachemsha. "Maji yakishachemka hayana kesi," ulikuwa unasema.

Mama, yana kesi.

Tulipokwisha kukuzika walipita wataalamu wa maji wakipima visima. Chako wamekikuta na aseniki. Ni sumu inayotoka humohumo ardhini, haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Si nyingi ya kumwangusha mtu siku hiyohiyo. Ni kidogo kidogo, kila siku, miaka na miaka. Nikamuuliza yule dada aliyepima: mama yangu alikuwa na presha iliyogoma kushuka, je, ndiyo hii? Akasema hakuna wa kuniambia kwa hakika kilichokuua, presha ina sababu nyingi. Ila kunywa maji ya namna hii muda mrefu kunahusishwa na presha kupanda, hata kwa sisi wanawake. Nikamwomba arudie, neno kwa neno.

Maana unakumbuka nilichokufanyia. Nesi alisema upunguze chumvi, na mimi nikajifanya askari. Kila ukipimwa presha iko juu, nami nakuja juu: "Mama, unakula chumvi kwa siri!" Ukaapa. Masikini, ulikula maharage chapwa miaka yote ile, ukiyashushia na kikombe cha maji ya kisima. Siku moja nilipekua hadi kapu lako la kanga, mbele ya Maria. Ulizikunja upya, moja moja, ukazirudisha.

Na kwenye matanga, mbele ya ukoo na kina mama wa kanisani, nikasema tena: "Chumvi ndiyo imemuua. Tulimkataza, hakusikia." Nilisema, Mama. Kwa sauti yangu hii.

Sasa ona. Maria naye kapimwa, presha imeanza. Nimemwambia aache kisima, achote kwenye bomba la shuleni, lile limepimwa na ni salama. Ananijibu, "Wifi, mimi chumvi nimeshapunguza. Si wewe mwenyewe ulisema ndiyo iliyomuua mama?" Nilipokuwa huko nilifungua kamba ya ndoo nikaitupa bandani, asubuhi nikakuta ameifunga tena. Majirani nao wanakuja na ndoo zao kama zamani. Uongo wangu ndio unaowanywesha yale maji, Mama, na nikilala silali.

Nisamehe. Hasira zangu zilikuwa woga tu. Niliona unaondoka, nikatafuta wa kumlaumu, na wewe ulikuwa karibu.

Jumamosi tunakuja kuweka msalaba kwenye kaburi lako. Watu walewale wa matanga watakuwepo. Nimemwomba mwinjilisti anipe nafasi kabla ya chakula, maana wakishashiba hawasikii. Nitawaeleza habari ya kisima, kisha nitamshika Maria mkono twende wote bombani. Dumu la kwanza nabeba mimi, kichwani, kama ulivyonifundisha nikawa nakataa. Dawa zake za presha atameza vilevile, na nitamfuatilia. Ila kapu lake sitalipekua.

Pumzika, mama yangu. Naogopa kusimama mbele ya watu wale, lakini nitasimama. Nitaanza na neno ambalo uliningojea nilitamke ukiwa hai, nikakunyima: mama yangu hakuwa anakula chumvi.

Mwanao,
Eliza