Mkia wa Gato

Jumapili. Ukungu umelala juu ya ziwa tangu asubuhi, na Bukavu ng'ambo haionekani. Wanasikika mbwa tu.

Leo nimekasirika, kisha nimeogopa. Sasa hata sijui niite nini.

Nimemaliza kumtengeneza Gato. Ni ndege ndogo ya betri, ya kurushwa kwa rimoti, iliyokuja vipande vipande kwenye katoni. Kaka yangu Saidi alinunua mbili zinazofanana akaziita mapasa, Gakuru na Gato, kama wanavyoitwa mapacha huku kwetu. Muuzaji alimwonya: rimoti zote mbili zinatumia masafa yale yale, kila moja itaisumbua ndege ya mwenzake. Mtu mwingine angebadilisha. Saidi alifurahi, akasema mapasa lazima wasikilizane.

Akavuka na Gakuru pamoja na rimoti yake kwenda Bukavu kufungua karakana ya simu. Vita ikaingia mjini, mpaka ukafungwa, simu yake ikanyamaza. Mpaka ulipofunguliwa tulikwenda kumtafuta. Mlango wa karakana ulikuwa na kufuli la mtu mwingine. Sasa mpaka umefungwa tena.

Maman anataka Ijumaa tumsomee hitima. Hiyo ndiyo hasira yangu. Tukishasoma, Saidi amekufa, hata kama yuko hai. Asubuhi kanikuta na ndege mapajani.

"Muntu akikufa banamusomeaka hitima," akasema. "Habamutengenezeaka avion."

"Hatujue kama alikufa, Maman."

Akaondoka bila kunitazama, nami nikaendelea kulehemu.

Gato nimembadilisha sana. Mota aliyokuja nayo ilikuwa goigoi, nimemtia nyingine. Mabawa nimeyakaza kwa vijiti vya mwanzi. Leo nimeunga waya wa antena, uliokuwa umekatika tangu Saidi aondoke. Mchana nikamtoa nyuma ya nyumba, pale kilima kinapoteremka kuelekea mpakani, nikaunganisha betri yake. Rimoti yangu ilikuwa ndani, mezani. Betri zake zilikuwa mfukoni mwangu.

Mkia ukageuka.

Kushoto taratibu, kulia taratibu, ukatulia. Mimi ni fundi wa redio, kelele ya umeme naijua: hutetemesha mkia ovyo kama mgonjwa wa malaria. Huu haukutetemeka. Uligeuka kama kuna kidole kinausukuma. Na ndivyo Saidi alivyosalimia kwa mkia kila mara kabla ya kurusha, kushoto na kulia, halafu anacheka.

Nikagusa betri mfukoni. Zilikuwepo.

Nilimwita Maman. Akaja na mikono yenye unga, akachuchumaa, tukangoja. Nilianza kuona aibu. Kisha mkia ukageuka tena, kushoto, kulia. Maman akashika kanga yake kifuani.

"Mwambie arudi," akanong'ona.

Nikamweleza kwamba Gato ana sikio tu, hana mdomo. Hata nikiwasha rimoti yangu, nitamvuruga huyo anayesema, hatanisikia. Alibaki amechuchumaa mpaka mkia ukaacha kabisa.

Tangu hapo najiuliza ni kidole cha nani. Huenda ni mtoto aliyeokota rimoti jalalani. Huenda ni mtu aliyefunga lile kufuli, amekaa na vitu vya kaka yangu, anabonyeza bila kujua kinachosogea huku. Huyo ananitisha kuliko mzimu. Lakini mtoto au mwizi angejuaje ile salamu?

Maman hajataja tena hitima. Hajasema pia kwamba ameiacha.

Kesho ukungu ukiondoka nitasimama pale pale na Gato mkononi, rimoti yangu imezimwa. Mota ikinguruma bila mimi, nitamwachia. Kutoka ng'ambo ataonekana vizuri, nimempaka rangi nyekundu. Kama ni Saidi, atamtambua na kumgeuza arudi kwetu.

Na Gato asipogeuka, akaendelea tu kwenda, nitamwambia nini Maman aliyesimama kando yangu?