Kitanda cha Juu cha Rehema

Jumanne, Machi 1956

Tulipima sakafu, hatukupima ukuta! Kitanda cha mwanangu Rehema fundi amekiinua vizuri, na cherehani changu kimeingia chini yake kama nilivyotaka. Lakini kuta za vyumba hivi vya kupanga hazifiki kwenye mabati. Mtoto akikaa kitandani, anamwona jirani yetu Bi Hawa chumbani kwake.

Jana jioni Bi Hawa alikuwa kichwa wazi, anajipaka mafuta. Rehema, kwa adabu niliyomfundisha mwenyewe, akamwamkia kutoka juu: "Shikamoo, bibi!"

Marahaba ilichelewa sana kuja.

Leo nimekuta khanga imetundikwa juu ya ukuta, maandishi yametuelekea sisi: YA NYUMBANI KWANGU YANAKUHUSU NINI?

Nikikata miguu ya kitanda, cherehani nitakiweka wapi? Nisipokata... Mara mbili nimetoka kwenda kumwomba radhi, nikaishia mlangoni kwake.

Na Rehema, ndiyo kwanza ameanza shule, jioni hii kalala chali anaisoma khanga kwa sauti: "Ya nyu-mba-ni kwa-ngu..."

"Soma tena, mjukuu wangu," Bi Hawa akasema kutoka upande wa pili.

Sijui alikuwa anamfundisha yeye au mimi.