Aligonga Mara Mbili

Jumanne, 3 Juni

Leo nimeangushwa mara thelathini na moja. Nimehesabu. Na mara thelathini na moja nimeinuka mwenyewe, bila kuvutwa mkono.

Miezi mitano sasa. Januari nilipopanda zile ngazi za ukumbi wa judo, juu ya duka la rangi, nilidhani ni mambo ya wiki mbili, kama ile kamba ya kuruka iliyoishia kuanikia nguo. Mwanamke wa miaka arobaini na miwili, kilo themanini na tatu, anakwenda kujifunza kuanguka! Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Aliyenileta ni Wifi, dada yake. Yeye ana miaka mitatu kwenye mikeka, ana mkanda wa njano, na mdomo wake hauachi mtu asahau.

Napenda. Niseme tu, humu daftarini hakuna wa kunicheka. Kutwa nzima niko chumba cha pasi, mashuka ya hoteli mbili, mvuke usoni, hakuna anayenigusa wala ninayemgusa. Jioni mtu ananikamata kola, nami namkamata kola, na kwa dakika nne sifikirii mashuka, sifikirii watoto, sifikirii kitu. Mwalimu—mama mstaafu wa posta, kilo hamsini hazifiki, alinirusha siku ya kwanza kama anarusha bahasha—amesema leo mbele ya wote kwamba mikono yangu ni ya kushika. Ukishika wewe, kasema, mtu haponyoki. Nimetembea na sifa hiyo mpaka nyumbani.

Alhamisi, 5 Juni

Tumeanza kufuli ya mkono. Mwenzako yuko chali, mkono wake umeubana katikati ya mapaja yako, miguu yako iko juu ya kifua chake, halafu unanyanyua kiuno. Kidogo tu! Kiwiko hakitaki mjadala.

Kabla ya yote Mwalimu alitukalisha. Sheria ni moja, kasema. Mwenzako akigonga kwa kiganja, mara mbili, popote, kwako au kwenye mkeka, unaachia. Papo hapo. Hakuna kuuliza, hakuna kumalizia. Anayegonga amekuamini na mwili wake. Ukichelewa kuachia, wewe si mchezaji, usirudi hapa.

Muuguzi, yule mpole tunayefanya naye, akauliza, na asiyetaka kugonga je? Mwalimu kasema naye ana kosa, kiburi chake kitamvunja mwenyewe.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefeli tena mtihani wa udereva. Mara ya tatu. Gari limezima kwenye mwinuko, nyuma yangu lori, honi juu ya honi. Mtahini aliandika tu.

Msimamizi kazini alikuwa ananisubiri. Ningepata leseni, ningeendesha gari la kupeleka mashuka. Ningetoka kwenye mvuke.

Nimemwambia mume wangu peke yake. Nikamsihi isitoke chumbani humu. Kasema hata ukuta hautasikia.

Alhamisi, 12 Juni

Wifi ameumia kiwiko. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike leo, kama ilivyokuwa. Nikingoja nitaanza kuipamba.

Chumba cha kubadilishia nguo. Niko mlangoni na mfuko wangu. Wifi anawaambia wenzake: "Jamani, mpisheni dereva. Polepole lakini, asije akazima hapo mlangoni."

Wakacheka. Muuguzi naye akacheka. Mimi nilicheka kuliko wote! Na ndani naungua. Si kwa ajili ya Wifi tu, kwa ajili ya mume wangu na ukuta wake usiosikia. Siku tatu hazijapita, na siri yangu imeshafika kwenye mikeka.

Wifi mwenyewe alinichagua tufanye naye. Tukashuka chini, tukagaragara, nikaupata mkono. Ilikuwa safi, Mwalimu angeisifu. Akagonga. Mara mbili, paja langu la kulia, kiganja wazi.

Nilisikia. Naandika tena: nilisikia. Na nikanyanyua kiuno.

Ulikuwa muda mfupi mno, wa kutamka neno moja. Kiwiko kikalia. Nikaachia.

Mwalimu alikuja mbio, wengine wakatuzunguka. Nikafungua mdomo, sijui ningesema nini. Wifi akanitangulia, uso umekuwa wa majivu: "Ni mimi. Nilijitia jeuri, nikachelewa kugonga." Macho yote yakamgeukia yeye. Mwalimu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nami nikafunga mdomo wangu.

Daktari kasema mfupa mzima, ila mishipa ya kiwiko imechanika. Wiki tano mkono shingoni. Wifi ni msusi. Ana mteja ambaye nusu ya kichwa ameshasukwa na nusu bado, wa tangu asubuhi ya jana.

Jumapili, 15 Juni

Tumeshinda kwa Mama mkwe, ambako Wifi anakaa kwa sasa. Nimemwogesha. Nimemchana nywele, yeye mwenye mikono ya dhahabu, kwa mikono yangu hii ya pasi. Hakulalamika. Nimefua, nimepika, nimemkatakatia chakula kwenye sahani.

Mama akaniombea dua mbele ya watu. Kasema wengine wifi zao ni paka na panya, yeye amejaliwa. Mume wangu akanishika bega. Kasema dada yake ni mkaidi tangu utotoni, hata kugonga tu kunamshinda.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji machafu, nikakaa huko mpaka wakanitafuta.

Sijamuuliza mume wangu kuhusu ule ukuta. Nikimuuliza atajua nilikuwa na hasira. Akijua nilikuwa na hasira, atafika mwenyewe kwenye mengine.

Jumatano, 18 Juni

Nimeunguza shuka. Alama ya pasi katikati, kahawia kabisa. Miaka kumi na moja sijawahi. Msimamizi kaniambia nikapumzike, labda ni mawazo ya mgonjwa. Kila mtu ananionea huruma!

Jumapili, 22 Juni

Nimemwambia.

Nilikuwa namvalisha blauzi, mkono mbaya kwanza, kama daktari alivyoelekeza. Nikapiga moyo konde. "Wifi, siku ile uligonga."

"Nyamaza."

"Uligonga, nami—"

"Najua nilivyogonga. Na najua ulisikia. Unadhani mimi mtoto?" Alisema kwa sauti ya chini sana, Mama alikuwa chumba cha pili. "Mama akisikia haya, nyumba hii imegawanyika. Kaka yangu umtie upande gani? Nilichelewa kugonga. Ndiyo hivyo, na usinirudishe tena huko."

Nikasema sikukusudia kuvunja kitu. Kasema tu kwamba kaka yake hakumwambia kwa ubaya. Alimwomba yeye Wifi awe ananipa kile kigari chake cha kuendea kwa wateja kila Jumapili, anipeleke kwenye mwinuko ule wa nyuma ya soko, nizoee. Naye alikuwa amekubali. Akaona aanze na mzaha, tucheke yaishe, ndipo aniambie.

Nilimuuliza kama ananichukia.

"Nifunge vifungo," kasema. "Baridi inaingia."

Jumatatu, 23 Juni

Hasira hasara. Nimelisema neno hilo kwa watoto mara ngapi? Na wala haikuwa hasira kubwa. Ilikuwa hasira ya kuchekwa mlangoni.

Alhamisi, 3 Julai

Wifi alikuja leo ukumbini na mkono wake shingoni. Mwalimu alimwita mwenyewe, nami nilidhani ni kwa pole. Tumekaa mstari mzima. Mwalimu kasema mtihani wa mikanda ni Agosti, na jina la Wifi amelifuta. Si kwa sababu ya kiwiko, kiwiko kitapona. Ni kwa sababu mtu asiyejua kugonga ni hatari kwake na kwa anayecheza naye. Ameweka mzigo mzito moyoni mwa mwenzake, kasema, akanionyesha mimi kwa kidevu. Mwaka mzima asifanye mtihani. Akae, ajifunze unyenyekevu.

Wifi akasema ndiyo, Mwalimu. Akainama kwa heshima, mkono mmoja umening'inia.

Halafu Mwalimu akasoma majina ya watakaofanya. La kwangu lilikuwa la pili. Muuguzi akanipiga kiwiko cha pongezi. Nilifungua mkanda wangu mweupe nikaufunga tena, mara tatu, ili nisitazame juu.

Kwenye ngazi nilimkuta Wifi ameelekea ukutani analia. Miaka miwili ameusubiri mtihani huo, aliukosa mwaka jana kwa ajili ya harusi ya mteja. Nilinyoosha mkono. Akasogea mbali nami, si kwa nguvu, hatua moja tu, akashuka.

Jumanne, 8 Julai

Sikwenda mazoezini. Nimesema kichwa kinauma.

Nijiulize vizuri, maana humu hakuna wa kumdanganya. Ninaogopa nini? Mama? Ninamwogopa. Mume wangu? Naye. Lakini si hao wanaoniamsha alfajiri. Naogopa Mwalimu ataniambia nisirudi. Ndiyo hiyo! Naogopa kunyimwa mikeka. Mtu amepoteza kazi ya wiki tano na mtihani wa miaka miwili, nami ninalia ndani kwa ndani kwa ajili ya jioni zangu mbili za kuangushwa.

Nimejisikia mdogo. Mdogo kabisa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda. Nimefanya na Muuguzi. Kila akinigusa naachia, hata hajagonga. Kasema leo una nini, mbona unanishika kama yai?

Mwalimu aliona.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika nje ya ofisi ya Mwalimu, kwenye benchi. Daftari nilikuwa nalo mfukoni. Nisipoandika nitakimbia.

Nilifika nusu saa kabla ya wengine, nikamwambia. Nimesimama, viatu mkononi, nimesema kama nilivyoandika humu: aligonga mara mbili, nilisikia, nikanyanyua. Mwalimu hakupepesa macho. Wakati namaliza, Wifi akaingia. Daktari alimwondolea kitambaa cha shingoni juzi, kaja kutazama tu. Mwalimu akamuuliza hapo hapo: huyu anasema uligonga kwa wakati. Wewe ulisema ulichelewa. Nani mwongo?

Wifi hakunitazama. "Nilichelewa, Mwalimu. Wifi yangu ana huruma, anataka kunibebea."

Nikasema hapana. Yeye akasema ndiyo. Mimi hapana, yeye ndiyo, mpaka Mwalimu akainua kiganja.

Alitutazama kwa zamu. Halafu akamwambia Wifi alale chali kwenye mkeka. Akaniambia nikae nimshike. Mkono ule mzima.

Nikasema Mwalimu, sitaki.

"Sikukuuliza kama unataka. Shika, usivute. Shika tu."

Nikakaa. Nikaweka miguu juu ya kifua chake, taratibu, nikamshika kifundo cha mkono kwa vidole vichache. Sikubana. Kiuno changu kilikuwa chini kabisa. Tulikuwa watatu ukumbini na feni.

Wifi akagonga. Kwa mkono ule mwingine, mbovu, usionyooka bado. Paja langu lile lile. Si mara mbili. Mara nyingi, haraka haraka, bila kupumzika. Nilikwishaachia. Mikono yangu ilikuwa juu hewani, miguu nimeiondoa, sikuwa nimeshika kitu chochote, na yeye amefumba macho na bado anagonga.

Mwalimu akamwita kwa upole. Ndipo akaacha.

Akaketi, akacheka, kasema alitekenywa. Hakuna aliyecheka naye. Akaanza kujipangusa uso kwa mkono wa koti langu la judo, sijui kama alijua ni koti langu.

Mwalimu kasema basi, nimeona. Amemwinua, amemwingiza ofisini, amefunga mlango. Mimi kaniambia nikae hapa kwenye benchi, nisiende popote, na nisivue koti mpaka aniite.

Wenzangu wanaanza kupanda ngazi, nawasikia. Muuguzi ameshanisalimu na kuniuliza kama leo nafanya naye.

Sijavua.