Maji Aliyokunywa Nyanya

Mwende mjukuu wangu,

Sasa? Hapa Kawangware tuko salama. Mama yako bado anauza mboga kule Silanga, na magoti yangu yananisumbua kidogo tu.

Nimefurahi kusikia kwamba ni wewe utaongoza uchimbaji wa vitu vya kale kwetu Kitui. Enzi zetu wakubwa wote walikuwa wageni, sisi tulishika majembe tu. Umeniuliza kuhusu chungu tulichofukua wakati huo, ambacho umekikuta kwenye stoo ya makumbusho kikiwa na kadi iliyoandikwa "matumizi hayajulikani".

Siku tulipokitoa, nyanya yangu alikuwa amekaa kando ya shimo. Akasema kwa Kikamba, "Hicho nakijua. Mama yangu alikificha hapo siku tulipobatizwa. Wacha niwaeleze kazi yake."

Mkubwa wetu akaniuliza anasema nini. Nilikuwa nimeokoka juzi tu, nikaogopa atataja mambo ya matambiko mbele ya wageni. Nikajibu, "Anaomba maji ya kunywa."

Akaletewa kikombe. Hakujua Kiingereza, lakini alielewa. Akanitazama, akanywa maji yote polepole, akaenda zake nyumbani. Hakukitaja chungu tena, nami sikumuuliza mpaka tukamzika.

Kwa hivyo sijui, Mwende. Hata mimi sijui. Ukiona mzee yeyote amekaa kando ya shimo lako, mpe kiti.

Nyanya hakuwa na kiu siku ile. Alikunywa ili nisionekane mwongo.

Ni mimi babu yako.