Misumari ya Mjomba na Bolti za Bronzi

Jumatatu, 3 Machi 1986
Mawingu asubuhi, upepo wa vumbi Lembeni nzima. Nimechota maji, nimefagia. Mume wangu Elisante ameupindua mtumbwi wake wa mbao kule bwawani auzibe. Amerudi na misumari iliyolika ikawa kama njiti. Ni ile aliyoifua mjomba Mbonea mlimani, wakati madukani hapakuwa na msumari hata mmoja. "Mjomba wako mkono umekwisha. Angenizamisha." Nimekasirika.

Jumatano, 5 Machi
Jua kali. Elisante amepanda mlimani bila kuniaga, akamwambia mjomba mbele ya watu kwamba chuma chake kimeoza. Mjomba amefunga mivukuto, mifuko yake ya kupulizia moto, kwenye gunia na kuipandisha darini. Mhunzi aliyefua majembe ya kijiji kizima. Naona aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeukagua mtumbwi mwenyewe, ubao kwa ubao. Nimechanganyikiwa. Nyuma, misumari ya mjomba ni mizima, kutu ya juu tu. Iliyolika yote iko mbele, karibu na bolti za bronzi, ile shaba yenye bati, alizonunua Elisante Tanga mwaka jana bidhaa zilipoanza kurudi. Bolti zenyewe zimeota ukijani kidogo tu. Mkono uleule, moto uleule. Mbona?
Nimetumbukiza misumari miwili mizima kwenye glasi mbili za maji ya bwawa. Mmoja peke yake. Mwingine nimeufunga na bolti ya bronzi. Elisante kapita: "Leo tunakula mchuzi wa misumari?"

Jumanne, 18 Machi
Mvua. Msumari wa peke yake, kutu kidogo. Uliofungwa na bolti umechimbika, maji mekundu. Bolti haina jeraha. Elisante ameinua glasi. "Kwa hiyo nilichoweka kwa uimara ndicho kilichokula?" Sijui. Kitu kimelala tu kinamlaje mwenzake?

Jumapili, 23 Machi
Ukungu mlimani. Baada ya ibada Elisante amemwamkia mjomba na kumwomba radhi mbele ya watu walewale. Nimempa mjomba misumari yote miwili na kumweleza habari ya glasi. Ameigeuza, ameinusa.
"Mpwa wangu, hata mimi sielewi. Toeni hizo bolti, nitafua za chuma." Kisha kwa Elisante: "Wewe uliyefanya mivukuto ipande darini, kaishushe."
Elisante ameshuka kutoka darini na masizi mpaka masikioni. Hakuna aliyecheka, ila mimi.
Bado sielewi. Moto wa mjomba umewaka tena. Saa tatu usiku, nalala.